Je, mgonjwa anaweza kudhoofika na bado akahesabiwa yuko sawa?

Anaweza, tena bila mtu yeyote kughushi namba. Inatosha kiwango cha kuingia kwenye utafiti na kiwango cha kutoka viwekwe vibaya. Ndivyo ilivyotokea katika PACE, mmoja wa tafiti kubwa kabisa kuhusu tiba za ugonjwa wa uchovu sugu, uliochapishwa Februari 2011 katika jarida la The Lancet. Walioshika kosa hilo na kulipigia kelele hawakuwa wahakiki wa jarida. Walikuwa wagonjwa wenyewe.

Ugonjwa huu kitaalamu huitwa ME/CFS. Mgonjwa ana uchovu usioondoka hata akilala, akili inakuwa nzito, na akijitahidi kupita uwezo wake, kesho yake au keshokutwa hali inaporomoka, pengine kwa wiki nzima. Chanzo hakijulikani vizuri, wala hakuna kipimo cha damu cha kuuthibitisha.

PACE ulifanyika Uingereza kwa washiriki 641 na kugharimu takriban pauni milioni 5. Wote walipata huduma ya kawaida ya daktari bingwa. Kundi moja liliishia hapo. Mengine matatu yaliongezewa kila moja kitu chake: kupanga shughuli kulingana na nguvu zilizopo, tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na mwenendo, au mazoezi yanayoongezwa hatua kwa hatua. Ripoti ikasema mazungumzo na mazoezi yanasaidia, na mwaka 2013 ikafuata ripoti nyingine: asilimia 22 ya waliopata tiba hizo mbili wamepona.

Wagonjwa wakapinga. Maelezo yaliyoenea ni kwamba walipinga kwa sababu hawakutaka kuambiwa ugonjwa wao uko kichwani, kwamba ni wanaharakati wenye chuki na wanasayansi. Ni maelezo matamu, maana yanamwondolea mtu kazi ya kusoma walichoandika. Ukikisoma, hasira utaikuta, sikatai, lakini kurasa nyingi zimejaa wastani, mtawanyiko wa alama na maswali kuhusu mpango wa utafiti uliobadilishwa njiani. Tom Kindlon, mgonjwa wa Ireland, alichapisha mwaka huohuo wa 2011 makala ndefu ya kitaalamu kuhusu jinsi tafiti za aina hii zinavyoripoti madhara ya tiba. Alem Matthees, mgonjwa wa Australia, mwaka 2014 alitumia sheria ya Uingereza ya uhuru wa habari kukiomba Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London data ghafi, bila majina ya washiriki. Anayeichukia sayansi haombi majedwali zaidi.

Chuo kikakataa. Kamishna wa Habari alipoamuru data itolewe, chuo kikakata rufaa, na gharama za mawakili zikafika karibu pauni 250,000. Sehemu ya hoja yake ilikuwa kwamba wanaharakati hawa ni watu wa hatari. Baraza lililosikiliza rufaa mwaka 2016 likauliza ushahidi uko wapi, likakuta umeishia kwenye tukio moja: mtu fulani aliwahi kumzomea profesa kwenye semina. Likaona hatari imekuzwa mno, na data ikatolewa Septemba mwaka huo.

Sasa kosa lenyewe. Dodoso liitwalo SF-36 lina maswali kumi kuhusu uwezo wa mwili. Je, afya yako inakuzuia kukimbia? Kusogeza meza? Kubeba vitu ulivyonunua sokoni? Kupanda ghorofa kadhaa, au moja? Kuinama? Kutembea zaidi ya maili moja, nusu maili, mita mia? Kuoga na kuvaa? Ukijibu "inanizuia sana" unapata 0, "kidogo" 5, "hainizuii" 10. Asiye na shida yoyote ana 100.

Kuingia PACE ulitakiwa uwe na 65 au pungufu, yaani uwe mgonjwa wa kutosha. Mpango uliochapishwa mwaka 2007 ulisema anayehesabiwa amepona awe amefika angalau 85. Ripoti ya 2011 ikaja na kitu kingine, "kiwango cha kawaida", kinachoanzia 60, na 60 hiyo ikaingia pia katika masharti ya kupona ya 2013.

Rudia kuzisoma: 65 kuingia, 60 kutoka. Chukua mtu asiyeweza kukimbia, kupanda ghorofa kadhaa wala kutembea zaidi ya maili moja, na kusogeza meza kunamsumbua kidogo. Ana 65, anaandikishwa. Mwaka mmoja baadaye mfuko wa sokoni nao umeanza kumlemea kidogo. Ana 60. Amerudi nyuma, na kwa kipimo hicho yuko ndani ya kawaida. Kwa kweli asilimia 13 ya washiriki walikuwa tayari "kawaida" katika angalau kimoja cha vipimo viwili vikuu, uwezo wa mwili na uchovu, siku ya kuandikishwa, kabla hawajapewa tiba yoyote. Tahariri iliyoambatana na ripoti katika The Lancet ilikiita kigezo hiki kikali.

Hiyo 60 ilitoka wapi? Kwenye takwimu za watu wazima wa Uingereza, wazee na wagonjwa wakiwemo. Wastani wao ulikuwa 84, na mtawanyiko, yaani kipimo cha jinsi alama zinavyoachana na wastani, 24. Toa 24 kwenye 84, inabaki 60. Hesabu ni sahihi. Ubaya ni kwamba hesabu ya namna hii ina maana pale alama zinapojazana katikati na kupungua pande zote mbili, na alama za dodoso hili hazikai hivyo.

Fikiria darasa la wanafunzi kumi. Saba wamepata 100. Watatu walikuwa hoi kwa malaria wiki ya mtihani, wakapata 48 kila mmoja. Wastani wa darasa ni 84, mtawanyiko karibu 24, kwa hiyo "kawaida" inaanzia karibu 60. Mwanafunzi wa kumi na moja akija na 62, mwalimu atamwambia baba yake kwamba mtoto yuko sawa na wenzake. Wenzake wapi? Saba wana 100. Wale watatu waliougua ndio waliouvuta wastani chini na kuupanua mtawanyiko, hata 62 ikaonekana njema. Kadiri unavyoingiza wagonjwa wengi kwenye hesabu ya "watu wa kawaida", ndivyo kuwa wa kawaida kunavyokuwa rahisi.

Nadhani wagonjwa waliliona kwa sababu wamelijaza dodoso hilo wenyewe. Mhakiki akiona 60 anaona namba. Wao wanajua mwenye 60 anashindwa nini.

Data ilipofunguliwa, kupona kwa masharti ya 2007 kulishuka kutoka asilimia 22 hadi 7 kwa mazungumzo na 4 kwa mazoezi. Kwa waliopata huduma ya kawaida tu ilikuwa asilimia 3. Waliopata nafuu kwa tiba hizo mbili walishuka kutoka kama asilimia 60 hadi kama 20, dhidi ya 10 wa huduma ya kawaida. Hapo uangalifu unahitajika. Tofauti haikufutika, imepungua. Watafiti wanasema mabadiliko yaliidhinishwa kabla hawajaona matokeo, na idadi ya waliopona ni ndogo mno kubeba hitimisho zito. Kwa upande mwingine, kila mshiriki alijua tiba aliyopewa, na vipimo vikuu vilikuwa maelezo yake mwenyewe. Katika kipimo cha kutembea kwa dakika sita, kundi la mazoezi lilitoka wastani wa mita 312 likafika 379. Mwenye afya kwa kawaida huvuka 500.

Wala wagonjwa si malaika wa takwimu. Mwaka 2009 jarida la Science lilipotangaza virusi vya XMRV kwa wagonjwa 68 kati ya 101, wengi wao walishangilia kana kwamba chanzo kimepatikana. Ulikuwa uchafuzi wa maabara, na makala ikaondolewa mwaka 2011.

Makala ya PACE haijaondolewa. Oktoba 2021 NICE, taasisi inayoandika miongozo ya tiba Uingereza, iliacha kupendekeza mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua, na kusema tiba ya mazungumzo haiponyi ugonjwa huu. Mwaka 2023 waandishi wa PACE na wenzao walichapisha pingamizi, wakisema safari hii ni NICE iliyopima vibaya.