Vipokezi mumunyifu vya saitokini ni nini?

Ukichomwa na mwiba wa samaki pale soko la Feri, kidole hakichelewi: kinapata moto, kinavimba, kinapwita usiku kucha. Baada ya siku chache kimenywea. Tunashukuru maji ya chumvi, lakini mwili nao umefanya kazi kubwa ya kuzima moto uliouwasha wenyewe.

Saitokini ni protini ndogo ambazo seli za kinga hupeana kama ujumbe. Ujumbe hufika pale saitokini inaponasa kwenye kipokezi, protini iliyopenya utando wa seli, kichwa nje, mkia ndani. Ikinasa, seli inaamka.

Lakini vimo vimeng'enya, kama ADAM17, vinavyokikata kichwa hicho kikaenda zake na damu. Hicho ndicho kipokezi mumunyifu. Vingine seli huvitengeneza bila mkia tangu mwanzo. Kichwa kilichokatwa bado kinanasa saitokini yake, ila hakina seli ya kuamsha.

Tazama TNF, saitokini kali ya uvimbe. Vichwa vya vipokezi vyake huidaka njiani, na seli iliyokatwa hubaki na vipokezi vichache vya kuipokea. Moto unapungua kwa njia mbili. Wataalamu wameiga hila hiyo: etanercept, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa baridi yabisi, ni kichwa cha kipokezi cha TNF kilichoungwa na kipande cha kingamwili. Kwetu Dar es Salaam, ambako kifua kikuu bado kipo, hili lina uzito wake: TNF hiyohiyo husaidia kuwazingira vimelea wa TB waliojificha mwilini, ndiyo maana mgonjwa hupimwa TB kabla ya kuanzishiwa dawa hiyo.

Ila usikimbilie kuviita vyote breki. Kipokezi cha IL-6, saitokini nyingine, hukaa kwenye seli chache tu, kama za ini na baadhi ya chembe nyeupe za damu. Kikielea, hakiizuii IL-6, kinaibeba. Ni kama bajaji inayompokea abiria kituoni na kumwingiza vichochoroni ambako daladala haifiki. Wawili hao hunasa kwenye gp130, protini iliyopo karibu kila seli, na seli ambazo zisingeisikia IL-6 kabisa sasa zinaisikia. Uvimbe unaweza kuenea kwa njia hiyo.

Hata bajaji hiyo ina trafiki wake: gp130 nayo huelea kwenye damu, ikaukamata muungano huo kabla haujafika mlangoni mwa seli.