Maana ya "lp0 on fire" kwenye Linux

Umeunganisha printa ya zamani ya sindano, ile ya kuchapia risiti za nakala tatu, kwenye kompyuta ya Linux. Kazi haitoki. Unafungua kumbukumbu za keneli (kiini cha mfumo wa Linux) kwa amri ya dmesg na kukuta imeandikwa "lp0 on fire", yaani printa inaungua. Haiungui. Waya zilizoleta taarifa hiyo hazina uwezo wa kupima moto wala joto.

lp0 ni printa ya kwanza kwenye poti ya paraleli, ile yenye matundu 25 nyuma ya kompyuta, iliyoenea tangu IBM PC ya mwaka 1981. Ndani ya kebo yake kuna waya tano tu ambazo printa hutumia kuijibu kompyuta. Pini 10 husema "nimepokea", 11 "subiri, nina kazi", 12 "karatasi zimeisha", 13 "niko tayari kazini", na 15 "kuna hitilafu". Hitilafu gani? Hakuna waya wa kusema hilo.

Kwa hiyo draiva, yaani programu ya keneli inayoongea na printa, hukisia kwa kuondoa. Pini 15 ikilalamika, kwanza hutazama karatasi. Zikiwa zimeisha huandika "out of paper". Kama zipo, hutazama pini 13. Printa ikiwa imetolewa kazini huandika "off-line". Vyote viwili vikiwa sawa na malalamiko bado yapo, draiva imeishiwa maelezo, na hapo ndipo inapoandika "on fire". Wazee wa kompyuta huunasibisha utani huo na printa kubwa za zamani zilizozungusha ngoma kwa kasi, ambazo karatasi ikikwama zingeweza kushika moto kwa msuguano. Mimi naona "hitilafu isiyojulikana" lingemsaidia mtu zaidi, ila lisingekumbukwa na yeyote.

Jambo linalowapoteza wengi ni kwamba pini 15 hufanya kazi kinyume: umeme ukiwepo ni salama, ukikosekana ni hitilafu. Ndiyo maana kebo ambayo waya huo umegusana na waya wa ardhi hutoa kilio kilekile cha riboni iliyokwama. Fungua kifuniko, angalia kichwa cha printa kama kinatembea bila kuzuiwa, zima na kuwasha, kisha azima kebo nyingine kabla hujagusa faili lolote la mipangilio.

Angalia pia saa ya ujumbe kwa dmesg -T. Draiva huandika hali inapoharibika, lakini haiandiki chochote inapotengemaa, kwa hiyo mstari unaousoma unaweza kuwa wa asubuhi na printa imeshapona.

Ukiwa root (mtumiaji mwenye mamlaka yote), simamisha CUPS, huduma inayosimamia uchapaji, maana /dev/lp0, faili linalowakilisha printa, haikubali kufunguliwa na programu mbili kwa wakati mmoja, kisha jaribu:

printf 'Jaribio\r\n\f' > /dev/lp0

Neno likitoka, kebo na poti ni wazima na tatizo liko kwenye foleni ya CUPS au draiva uliyoichagua hapo. (Printa zisizoelewa maandishi matupu, kama leza nyingi za bei rahisi, hazifai kwa jaribio hili.) Faili la /dev/lp0 likiwa halipo, pakia moduli (vipande vya draiva vya keneli) kwa modprobe parport_pc na modprobe lp, na uhakikishe poti haijazimwa kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta kabla Linux haijawaka.

Utani umehamia hata kwenye USB: draiva ya usblp nayo ina "on fire" yake. Ukitumia kebo ya kugeuza USB kuwa paraleli, tafuta /dev/usb/lp0 badala ya /dev/lp0, na mipangilio ya poti ya paraleli kwenye BIOS haihusiki tena.