Kurekebisha mpangilio wa maswali katika dodoso la mtandaoni ni nini?

Mtu anayeandaa dodoso kwenye Google Forms, KoboToolbox au LimeSurvey huumiza kichwa juu ya maneno ya maswali. Anafanya vyema. Ila kuna kazi nyingine ambayo wengi huiachia programu: majibu yapangwe wima au yalazwe, yaonekane yote au yajifiche kwenye menyu, ukurasa mmoja ubebe maswali mangapi, nafasi ya kuandika iwe mstari mmoja au sanduku pana. Kuyaamua hayo wewe mwenyewe, swali baada ya swali, ndiko kurekebisha mpangilio.

Usichanganye na urembo. Nembo na rangi ya juu ya fomu ni urembo, na ukiviondoa hakiharibiki kitu. Mpangilio unagusa majibu yenyewe.

Mwaka 2000, katika uchaguzi wa urais wa Marekani, karatasi ya kura ya Palm Beach huko Florida ilipanga majina ya wagombea pande mbili, na matundu ya kutoboa yakawekwa katikati. Al Gore alikuwa wa pili upande wa kushoto, lakini tundu la pili lilikuwa la Pat Buchanan, aliyeandikwa upande wa kulia. Kila jina lilikuwa sahihi. Buchanan akapata kura 3,407 pale, nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya Florida, na George W. Bush, mpinzani wa Gore, akalichukua jimbo zima kwa tofauti ya kura 537. Walioiandaa karatasi hiyo walitaka herufi ziwe kubwa ili wazee wasome bila shida. Nia njema haikuwaokoa wapiga kura walioteleza.

Dodoso lako halimchagui rais, lakini macho ya watu ni yaleyale. Chukua kipimo cha Likert, kile cha kuanzia “nakubali kabisa” hadi “sikubali kabisa”, kilichopewa jina la Rensis Likert aliyekieleza mwaka 1932. Ukilaza majibu yake matano kwa nafasi sawa, la tatu linaonekana kuwa la katikati, na kweli ndilo la katikati. Sasa ongeza “sijui” na “halinihusu” mwishoni mwa mstari uleule. Kwa macho, katikati imeshahama. Roger Tourangeau, Mick Couper na Frederick Conrad walilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 2004: majibu ya watu yalisogea pamoja na hiyo katikati ya macho. Dawa yake ni ndogo mno. Yatenge hayo mawili kwa mstari au kwa nafasi pana, mhojiwa aone kwamba si sehemu ya kipimo.

Orodha ndefu nayo ina mtego wake. Majibu ya mwanzo huchaguliwa zaidi pale mtu anaposoma mwenyewe, na ukiyaweka kwenye menyu inayofunguka kwa kuguswa, yale yanayoonekana bila kuvuta chini hupendelewa. Kwa hiyo menyu nzuri ni ya mambo ambayo mtu anayajua kabla hata ya kuifungua: mikoa 31 ya Tanzania, kaunti 47 za Kenya, mwaka wa kuzaliwa. Swali la maoni lisifichwe humo. Programu nyingi pia zinaweza kuchanganya majibu, kila mtu akayaona kwa mfuatano wake, na ningeshauri uitumie nafasi hiyo kwa orodha za vitu. Usiichanganye ngazi ya kipimo, maana utakuwa umeivunja.

Gridi ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu naiona kila mahali. Ni lile jedwali lenye maswali kwenye mistari na majibu kwenye safu. Kwenye kompyuta linapendeza na linafupisha ukurasa. Lakini tuseme chama cha kuweka na kukopa kimetuma dodoso kwa wanachama kupitia WhatsApp. Wengi watalifungua kwenye simu. Safu za kulia zinatoka nje ya kioo, na asiyejua kuvuta pembeni hatajua kwamba “siridhiki” ipo. Hata aliyejua huchoka, akateremka na safu moja mpaka chini bila kusoma. Gridi ya mistari minane ivunje iwe maswali manane yaliyo wima. Fomu itarefuka, ndiyo, lakini kila jibu litaonekana.

Vitu vidogo navyo vinasema. Duara humwambia mtu achague moja, mraba humruhusu kuchagua zaidi. Sanduku pana la kuandikia humwomba maelezo, jembamba humwomba neno.

Kwa wanaotumia KoboToolbox au ODK, programu nyingine ya kukusanya majibu, mengi ya haya yanaweza kuamuliwa kwenye fomu ya Excel, katika safu iitwayo appearance. Ukiandika minimal, majibu yanakuwa menyu. Ukiandika likert, yanalala kama kipimo. Field-list kwenye kundi huweka maswali kadhaa kwenye kioo kimoja, kwa kuwa ODK Collect, programu ya ODK ya kwenye simu, kwa kawaida huonyesha swali moja moja. Hapo jiulize kwanza ni nani anayekitazama kioo. Karani wa sensa ya Tanzania ya 2022 alishika kishikwambi na kuuliza kwa mdomo, na mwananchi alisikia tu. Fomu ya namna hiyo ipangwe kwa ajili ya macho na vidole vya karani. Na kumbuka, orodha ikisomwa kwa sauti, majibu ya mwisho ndiyo huwa yanakaa kichwani.

Lijaze dodoso lako kwenye simu ya bei nafuu, nje juani, kabla hujalituma. Ukishaanza kupokea majibu, usiguse mpangilio tena. Ikibidi uguse, andika tarehe na saa, kisha majibu ya kabla na ya baada yachambue kila kundi peke yake kwanza, kwa sababu watu hao hawakuulizwa swali lilelile.