Je, ECG inaweza kujua ulichokula?

Haiwezi. ECG ni kipimo kinachochora umeme wa moyo kama mstari wa mawimbi. Matangazo ya saa janja yamewafanya wengi waamini kwamba kifaa cha mkononi kikishasikiliza moyo, akili mnemba itasoma humo wali, maharage na soda, kisha ikupangie mlo wa kesho. Kuna kitu cha jikoni ambacho ECG inaweza kuona alama zake, nacho ni madini ya potasiamu. Ila kabla ya kukifikia kuna mambo mawili ya kunyoosha.

La kwanza ni ile taa ya kijani chini ya saa. Haisomi umeme wa moyo. Inamulika ngozi na kufuatilia damu inavyopita kwa mawimbi, basi. Hayo ni mapigo. ECG husoma umeme ambao misuli ya moyo huuzalisha yenyewe. Wala haikutii umeme wowote, ingawa wagonjwa wengi hukaza mwili mzima wanapobandikwa zile waya kifuani. Kwenye saa zenye ECG, kama Apple Watch kadhaa tangu toleo la 2018, ni lazima uguse sehemu maalumu, mfano kitufe cha pembeni, kwa kidole cha mkono wa pili na utulie sekunde 30, ili umeme upimwe kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Usipogusa, hakuna ECG, hata taa iwake usiku kucha.

La pili ni kwamba moyo hauoni chakula. Glasi ya maji ya dafu ina takriban miligramu 600 za potasiamu, kuliko hata ndizi mbivu moja. Mwenye figo nzima akiinywa, mstari wake kwa kawaida haushtuki: homoni ya insulini huisukuma sehemu ya potasiamu ndani ya seli, na figo huitoa ziada kwa mkojo. Tena Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 kwa siku, kwa hiyo dafu si adui. Mgonjwa ambaye figo zake zimechoka ndiye glasi hiyohiyo inaweza kumpeleka pabaya. ECG basi haisomi mlo. Inasoma kilichobaki kwenye damu baada ya figo kufanya kazi yake, au kushindwa.

Mstari wenyewe una herufi P, Q, R, S na T, alizozipanga Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Kwa potasiamu, herufi ya kutazamwa kwanza ni T, ile nundu ya mwisho inayochorwa seli za moyo zikirudi kwenye utulivu baada ya pigo.

Ndani ya seli potasiamu imejaa, zaidi ya mara 30 ya iliyo nje. Huko nje, kwenye damu, kiwango cha kawaida ni milimoli 3.5 hadi 5 kwa lita. Baada ya kila pigo, potasiamu hutoka kupitia malango madogo, na ndipo seli inapotulia. Mtu angedhani ikizidi nje, kutoka kungezorota. Kumbe ni kinyume, na hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Fikiria daladala inaingia kituoni. Kituo kikiwa kitupu, konda hana haraka. Abiria wanashuka mmoja mmoja. Akiona umati unasubiri, anafungua mlango wote na kuwafokea walio ndani washuke upesi. Malango ya potasiamu hufanya vivyo hivyo: potasiamu ya nje ikipanda, hukaa wazi zaidi, ya ndani hutoka kwa kasi, na wimbi T huwa jembamba, refu, lenye ncha. Umati ukizidi mno, gari lenyewe linashindwa kuondoka. Malango ya sodiamu, yanayoanzisha pigo, hulemaa. QRS, ule mchomo mkali wa katikati ya mstari, hupanuka, P, nundu ya kwanza, hufifia, na moyo unaweza kusimama.

Madaktari wanaijua T yenye ncha kwa miaka mingi. Shida ni kwamba mara nyingi potasiamu iko juu na mstari, kwa macho, ni wa kawaida kabisa. Mwaka 2019 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha kazi ya programu iliyofunzwa kwa ECG zaidi ya milioni 1.5, zikiambatanishwa na majibu ya damu ya watu walewale. Walipoijaribu kwa wagonjwa wa figo, ikitumia mikondo miwili tu ya ECG, yaani moyo ukitazamwa kutoka pembe mbili tu, ilinasa takriban 90 kati ya kila 100 waliokuwa na potasiamu ya juu. Lakini pia ilipiga kengele ya bure kwa takriban wanne kati ya kila kumi wasio na tatizo. Kwa kuchuja nani apimwe damu leo, inafaa. Kwa kumkataza mtu mchicha kwa ajili ya potasiamu yake, bado.

Kwa sukari ushahidi ni mwembamba zaidi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, walionyesha kwamba ECG inaweza kudokeza sukari iliyoshuka, kwa usahihi wa karibu asilimia 82, ila kwa watu wachache wenye afya. Ilibidi programu ifunzwe kwa kila mtu peke yake, kwa sababu sukari ikishuka, mstari wa huyu haubadiliki kama wa yule.

Mwenye kunufaika mapema pengine ni anayesafishwa damu kwa mashine kwa kuwa figo zake zimeshindwa. Kenya, kwa mfano, NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ilikuwa ikilipia mara mbili kwa wiki, na katikati ya siku hizo potasiamu hupanda kimyakimya. Onyo la mapema lingemwambia leo avikate viazi vipande vyembamba, avichemshe kwa maji mengi na kuyamwaga pamoja na potasiamu iliyotoka, au aiache ile chumvi mbadala, ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa potasiamu.

Na maabara nayo hukosea. Seli za damu zikipasuka kwenye kichupa, kwa kutikiswa au kwa sindano iliyovuta kwa nguvu, humwaga potasiamu yao na jibu linapanda bila mgonjwa kuwa na lolote. Daktari akikuta namba ya kutisha na mstari uliotulia, humfanyia ECG nyingine na kuagiza damu itolewe upya, bila kumruhusu aende nyumbani kwanza, maana T iliyotulia nayo imeshawahi kudanganya.