Ukaguzi wa madaraja ufuate maji, si tarehe

Ratiba nyingi za ukaguzi zinazopita mezani kwangu zinafanana: kila daraja mara moja kwa mwaka, kuanzia lililo karibu na ofisi. Ni ratiba rahisi kuitetea mbele ya mkaguzi wa hesabu. Lakini inayachukulia madaraja yote kuwa sawa, ilhali kila moja lina ugonjwa wake.

Kwenye mito yetu, ugonjwa mkubwa ni maji, wala si malori. Machi 2020 barabara ya Morogoro–Dodoma ilikatika pale Kiyegeya, Gairo, mvua ilipokuwa kubwa. Wenzetu pia yamewakuta. Tarehe 5 Aprili 1987, daraja la Schoharie Creek jimboni New York lilianguka baada ya mafuriko kuchimba chini ya msingi wa nguzo, watu 10 wakafa. Daraja lile lilikuwa likikaguliwa kila mara. Ila hakuna aliyewahi kuteremka majini kuitazama misingi yenyewe.

Shida ya mmomonyoko wa aina hii ni kwamba unajificha. Shimo huchimbika mto ukiwa umefura. Maji yakitulia, mchanga na tope laini hurudi kulifukia. Ukisimama ukingoni mwezi Julai utaona mchanga mweupe, umetulia, na utashawishika kuandika "hali nzuri". Mimi hushuka na kipande cha nondo na kukikita kando ya nguzo. Kikigoma mapema, sawa. Kikizama kwa nguvu ya mkono mmoja tu, ujue hapo huenda palikuwa na shimo lililofukiwa. Kina hicho nakilinganisha na mchoro wa daraja, nijue kama shimo liliufikia msingi. Mchoro usipopatikana (na kwa madaraja ya zamani mara nyingi haupatikani), nachukulia msingi ni mfupi mpaka ithibitike vinginevyo. Kisha napima kutoka kwenye alama ya rangi juu ya daraja hadi chini mtoni, mahali palepale kila msimu. Mfululizo wa vipimo hivyo una thamani kuliko picha mia.

Pwani mambo ni mengine. Huko adui ni chumvi, inayopenya zege taratibu mpaka kwenye nondo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholika, kwa hiyo hulipasua zege kutoka ndani. Nagonga kwa nyundo: zege zima linalia kwa sauti kali, lililobanduka linatoa sauti ya mvungu. Sehemu inayolowa na kukauka kila siku ndiyo huumia zaidi, na ili uione vizuri lazima uende maji yakiwa yamekupwa, ikiwezekana wakati wa bamvua, yanapokupwa zaidi. Muulize mvuvi kabla hujaomba gari.

Halafu kuna bajeti. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, masika inaisha Mei. Anayekagua Juni akitegemea fedha za Julai amechelewa, mipango ilishapita. Kwa hiyo nagawa ukaguzi mara mbili. Ule mfupi, mara maji yanapopungua, ni wa kuamua nini kinahitaji fedha za dharura. Ule mkubwa naufanya Agosti hadi Oktoba mito ikiwa imekauka, nikiwa na vipimo na makadirio ya gharama, ili uingie kwenye maombi ya mwaka unaofuata.

Kazi za jembe na panga hazisubiri hayo yote. Gogo lililokwama kwenye nguzo huusukuma mkondo chini na kuongeza uchimbaji; kalavati lililojaa tope huyapeleka maji juu ya tuta; tundu la maji lililoziba huliozesha zege la chini yake. Fedha za kazi hizo zinatoka kwenye fungu la matengenezo ya kawaida. Kwenye fomu yangu nimefuta neno "haraka". Badala yake kuna jina la atakayeifanya kazi, na mvua ambayo haipaswi kuikuta haijakwisha: vuli au masika. Kwa Dodoma, yenye msimu mmoja, naandika "kabla ya Desemba".