Kuloweka shoka majini hakukazi mpini

Kuna ujumbe usiochoka kuzunguka kwenye makundi: shoka likilegea, liloweke majini usiku kucha, asubuhi mpini utakuwa umekaza.

Asubuhi unakaza kweli, na hapo ndipo watu wanapopotea. Mti hunyonya maji na kuvimba, lakini tundu la chuma halipanuki, hivyo nyuzi za mti hubanwa na kupondeka. Ukikauka, mpini husinyaa na kuwa mwembamba kuliko ulivyokuwa kabla ya kulowekwa. Anayesambaza dawa hii aliishia kuiona asubuhi tu.

Unaweza kupima mwenyewe. Chora mstari wa penseli pale mpini unapoingia kwenye chuma, loweka, kisha weka kivulini hadi ukauke kabisa, hata wiki kadhaa. Tikisa kwa mkono uone kama mstari unacheza. (Usijaribu kwa kupasua kuni, chuma kikichomoka hakichagui wa kumpiga.)

Kinachosaidia ni kabari. Ning'iniza shoka chuma kikiwa chini, gonga kitako cha mpini kwa nyundo ya mbao ili uzame zaidi, kisha pigilia kabari mpya ya mti mkavu. Mpini uliopasuka haurekebishwi, badilisha. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mwambie aliyeutuma habari ya kabari.