Njia za baiskeli za milimani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Masika yakishapita, ubishi huwa ule ule katika misitu na vilima vinavyopakana na Nairobi. Njia zimechimbika, mizizi iko nje, kwenye kona kuna matope ya kufika kwenye ekseli, na kila mtu ana mshtakiwa wake. Wakimbiaji wanasema ni baiskeli. Waendesha baiskeli wanasema ni farasi. Askari wa msitu wanasema ni nyote. Mhusika mkuu hatajwi kwa sababu ameshateremka bondeni: ni maji. Ukianzia hapo, mengi yanayosemwa kuhusu njia hizi, na hata kuhusu vifaa vya kununua, huanza kulegea.

"Baiskeli ndizo zinazokula njia"

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1994 Wilson na Seney walichapisha majaribio yao ya kwenye njia za milimani Montana, Marekani. Walipitisha watembea kwa miguu, farasi, pikipiki na baiskeli, kisha wakanyeshea vipande vile mvua ya kutengeneza na kupima udongo uliochukuliwa na maji. Kwato na miguu zililegeza udongo mwingi kuliko magurudumu, hasa pale njia ilipokuwa imeloweshwa kwanza. Mwaka 2001 Thurston na Reader, huko Ontario, Kanada, walipitisha watembeaji na baiskeli hadi mara 500 mahali penye mimea ya msituni; wakakuta mimea imeumia karibu sawa kwa makundi yote mawili.

Wenzangu wa magurudumu, msishangilie bado. Unyayo huacha vishimo vilivyotengana, kila kimoja na maji yake. Tairi kwenye udongo laini huacha mfereji mmoja usiokatika, kutoka juu ya mteremko mpaka chini. Wahenga walisema maji hufuata mkondo, na alama ile ndiyo mkondo wenyewe. Halafu kuna wale wanaofunga breki ya nyuma mpaka tairi iburuzike, eti wapige picha ya vumbi. Mburuzo mmoja kwenye kona hung'oa udongo ambao mapito mengi ya mtu mwenye adabu yasingeugusa.

"Njia nzuri ni ile inayopanda moja kwa moja"

Hapa ndipo panapoharibika kabla hata ya baiskeli ya kwanza kupita. Njia inayoshuka sambamba na mteremko ni mtaro. Maji yakiingia hayana pa kutokea, na kila mita yanayoshuka yanaongeza kasi na kubeba udongo zaidi. Wakulima wa Machakos wanalijua hili kuliko wachora njia wengi: matuta yao ya fanya juu hukingama mteremko kwa sababu hiyo hiyo.

Wajenzi wa njia, wakiwemo wale wa chama cha kimataifa cha IMBA kilichoanzishwa Marekani mwaka 1988, wana kanuni mbili rahisi kukumbuka. Ya kwanza: mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wa kilima. Ubavu ukiwa na asilimia 20, yaani unapanda mita 20 kwa kila mita 100, njia isizidi 10. Ikizidi, maji hayatavuka njia, yataifuata. Ya pili: kwa wastani wa njia nzima, mwinuko usipite asilimia 10 hivi.

Kanuni ya kwanza ina siri ambayo wengi huiruka. Kwenye ardhi tambarare, nusu ya karibu sifuri ni karibu sifuri, kwa hiyo uwanda ndio mahali pagumu kuliko pote pa kuweka njia. Watu huchagua uwanda kwa sababu ni rahisi kufyeka, halafu wanashangaa kuona dimbwi halikauki hadi Juni. Njia ikatwe ubavuni, uso wake uinamie kidogo upande wa bonde, kiasi cha asilimia 5, na kila baada ya umbali mfupi ishuke kidogo kisha ipande tena, ili maji yalazimike kutoka. Mwendeshaji atahisi mawimbi ya kupendeza chini ya magurudumu. Hatajua kwamba anapita juu ya mfumo wa kutoa maji.

Ikishakatwa vizuri hivyo, bado itahitaji mkono. Kupita kwa watu kunakandamiza katikati, udongo unasukumwa pembeni, na upande wa bonde unainuka ukingo mdogo. Ukingo wa sentimita chache unatosha kuyafungia maji njiani. Kazi kubwa ya matengenezo, kwa kweli, ni hiyo moja: kuuvunja ukingo kwa jembe na kuusambaza udongo mbali na njia. Haina picha nzuri, na ndiyo maana watu hukimbilia kujenga madaraja ya mbao.

"Dimbwi likitokea, lifukie"

Ukimwaga udongo kwenye dimbwi unapata uji. Ukimwaga majani yanaoza na kushika unyevu zaidi. Tafuta kwanza upande ulio chini, chimba mlango mpana usio na kina kirefu, maji yatoke, ndipo ufikirie kujaza, tena kwa mawe na udongo wa chini, si ule mweusi wa juu wenye mboji.

Magogo yaliyolazwa kukingama njia ili kuzuia maji nayo yana sifa yasiyostahili. Nyuma ya gogo mchanga hujaa, kisha maji hulipita kama vile halipo. Na gogo bichi lililolala mshazari ni la kumwangusha hata anayejua.

Mwendeshaji akikuta dimbwi na apite katikati, taratibu. Anayezunguka pembeni kulinda viatu vyake anapanua njia, na atakayekuja nyuma atazunguka mbali zaidi. Hivyo ndivyo kijia cha nusu mita kinavyogeuka barabara ya ng'ombe.

"Mvua imekatika, twendeni"

Inategemea udongo, na Nairobi ina ndugu wawili wasiofanana. Upande wa msitu wa Karura na kuelekea Kiambu ni udongo mwekundu wa volkano, wenye kina, unaopitisha maji vizuri. Jua likiwaka, siku moja au mbili zinaweza kutosha. Ukielekea mashariki na kusini, Athi River na Kitengela, unakuta udongo mweusi wa mfinyanzi, ule watu wanaouita "blak koton". Huo ukiloa huvimba na kuganda kwenye tairi mpaka gurudumu lisimame kabisa kwenye fremu. Ukikauka hupasuka, na alama uliyoacha siku ya matope inabaki imekauka vile vile, ikingoja mguu wa mtu.

Kipimo hakihitaji kifaa. Ukiona tairi inabeba udongo, au nyuma yako pamebaki mfereji unaoonekana, geuka.

Hell's Gate, karibu na Naivasha, pana onyo lingine. Hifadhi hiyo ni mojawapo ya chache Kenya ambamo unaruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na twiga, na watu wengi wamekuwa wakiziegesha na kushuka kwa miguu kwenye korongo la Ol Njorowa. Mbingu juu yako inaweza kuwa buluu tupu huku mvua ikinyesha mbali, kwenye miinuko inayoleta maji pale. Mafuriko ya ghafla yaliua watu humo mwaka 2012 na tena 2019. Mwongozaji akisema leo hatushuki, usimbembeleze.

"Shokapu mbili na tairi za meno, hiyo ndiyo ya milimani"

Madukani kuna baiskeli zinazong'aa, zenye springi mbele na nyuma, kwa bei ya kushangaza. Nyingine hubandikwa kikaratasi kinachosema zisitumike nje ya barabara, na muuzaji hukibandua kabla hujafika. Springi isiyo na mafuta ya kuipunguzia kasi inaporudi hukurusha tu; inaongeza kilo na kukunyima nguvu unapopanda. Kwa bei hiyo hiyo, ile ya mitumba yenye fremu nyepesi, shokapu moja nzuri mbele na breki za diski ni bora mara nyingi. Kabla hujalipa, kagua mpasuko penye maungio ya fremu, zungusha rimu uone kama imenyooka, na umuulize fundi kama spea za gia zake zinapatikana mjini.

Walioanzisha mchezo huu hawakuwa na shokapu hata moja. Mwaka 1976, huko Marin County, California, akina Joe Breeze, Gary Fisher na Charlie Kelly walishindana kushuka kilima katika mashindano ya Repack wakiwa juu ya baiskeli nzee nzito. Kilichowatesa kilikuwa breki: kitovu cha gurudumu la nyuma, ambamo breki imo ndani, kilipata moto mpaka grisi ikatoka moshi, na baada ya mshuko ilibidi ijazwe upya. Kwa maoni yangu mpangilio wa matumizi haujabadilika tangu wakati huo. Breki kwanza, tairi pili, mengine yafuate.

"Breki ya mbele itakurusha"

Hofu hii tunairithi utotoni, na ndiyo inayotengeneza ile miburuzo niliyoilalamikia. Unapofunga breki uzito huhamia mbele, gurudumu la nyuma linakuwa jepesi, linaburuzika haraka. Uwezo mwingi wa kusimama uko mbele. Kinachomrusha mtu ni kuikamata ghafla huku mikono imelegea na mwili umeinamia usukani. Sogeza makalio nyuma, shusha visigino, bana kwa kidole kimoja ukiongeza polepole, na umalize kupunguza mwendo kabla ya kona. Anayejua breki ya mbele ameshaifanyia njia matengenezo bila kushika jembe.

"Tairi iwe ngumu kama jiwe"

Fundi wa kando ya barabara atajaza upepo mpaka kidole gumba kisizame, na kwa anayebeba magunia ya makaa yuko sahihi. Msituni tairi hiyo hudunda juu ya kila mzizi, haishiki, na inapoteleza inakwangua. Namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi mara nyingi ni kikomo cha juu. Mtu wa kilo 70 kwenye tairi ya upana wa inchi 2.25 anaweza kuanzia psi (kipimo cha presha ya upepo) 28 hadi 35 akiwa na tyubu, na psi 22 hadi 28 akiwa na tyublesi, yaani tairi isiyo na tyubu, kisha apunguze au aongeze kidogo kidogo. Ukishusha sana ukiwa na tyubu, rimu itaibana kwenye jiwe na utapata matundu mawili yaliyokaa sambamba, sawa na alama ya meno ya nyoka.

Kwa nchi yenye migunga kama hii, tyublesi yenye dawa ya kuziba ndani ina faida ya wazi: mwiba unaingia, dawa inatoka kidogo na kuganda, safari inaendelea. Dawa hukauka kwa joto, kwa hiyo iongezwe kila baada ya miezi michache. Na tyubu moja ya akiba ibaki kwenye mkoba, dawa au si dawa.

"Helmeti haijapasuka, bado nzima"

Kinachokulinda ni povu gumu la ndani, ambalo kazi yake ni kupondeka mara moja tu. Likishapondeka halirudi, hata kama ganda la nje linang'aa. Ndiyo maana helmeti ya mitumba ni bahati nasibu: huoni ilikoangukia. Mpya si lazima iwe ghali. Angalia ndani kama ina alama ya kiwango, EN 1078 cha Ulaya au CPSC cha Marekani. Ikae wima, vidole viwili tu juu ya nyusi, na ukitikisa kichwa isicheze. Ya mjengo imetengenezwa kwa kitu kinachoanguka kutoka juu. Ya bodaboda italinda, lakini kwenye mpando wa Ngong saa sita mchana utaivua mwenyewe.

Mavazi hayana mengi. Jezi ya kandanda ya poliesta inakauka upesi kuliko fulana ya pamba na inatosha kabisa. Kaptura yenye sponji huvaliwa bila chupi, jambo ambalo wauzaji huona haya kulisema na wanunuzi hujifunza kwa michubuko. Glavu za vidole vizima ni muhimu kuliko zinavyoonekana, kwa sababu mtu akianguka hutanguliza viganja.

"Oili nyingi, cheni laini"

Cheni iliyolowa oili hukusanya vumbi, na vumbi la Naivasha likichanganyika na oili huisaga kama msasa. Oili chafu ya injini, ambayo wengi tunapewa bure gereji, tayari ina chembe za chuma. Weka tone moja kwenye kila kiungo, zungusha, kisha futa kwa kitambaa mpaka nje paonekane pakavu. Na usipeleke baiskeli kuoshewa kwa mashine ya kuoshea magari: presha ile husukuma maji ndani ya beringi na kufukuza grisi.

"Kutengeneza njia si kazi yangu"

Kuna makosa mawili yanayopingana. Wa kwanza hulipa kiingilio na kulalamika. Wa pili huja na panga usiku na kufungua njia yake. Huyo wa pili anavunja sheria: Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inakataza kufyeka kwenye msitu wa serikali bila kibali. Na Karura hasa si mahali pa kujichukulia. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti kupinga unyakuzi wa msitu huo; msitu uliopatikana kwa damu una haki ya kupigiwa hodi. Pitia kwa ofisi ya misitu au chama cha jamii cha msitu husika, jitolee siku ya kazi, na uende wakati udongo una unyevunyevu, maana mkavu haushikani.

Beba jembe, reki ya chuma na msumeno. Kazi ya kwanza itakayokukabili huenda ikawa njia za mkato. Kuziba mdomo mmoja hakutoshi: ziba pande zote mbili kwa matawi na miche, mpaka anayekuja kwa kasi asione upenyo. Wakiendelea kupita hapo hapo, basi kona halali ndiyo iliyokaa vibaya, na ndiyo ya kurekebishwa.